Chanjo, Hataza na Mikono ya Mafundi

Oktoba 2020, ilhali walimwengu wamejifungia majumbani kwa hofu ya Korona, kampuni ya Moderna ya Marekani ilitangaza kwamba haitamshitaki ye yote atakayetumia hataza zake kutengeneza chanjo muda wote wa janga. Na wengi wetu, tukidhani kuwa mali ya kampuni kama hiyo ni zile nyaraka zilizosajiliwa serikalini, tulingojea viwanda vichipuke kila pembe. Havikuchipuka. Afrigen ya Cape Town, iliyojitosa kuiiga chanjo ile bila ya msaada wa wenyewe, haikuipata kwa kadiri ya maabara ila mapema 2022, nayo ikisaidiwa na wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand.

Kilichokosekana ni ilimu ya mikono, isiyoandikwa katika hataza, nayo ni kama ya fundi wa jahazi, ambaye hata ukikipima chombo chake ubao kwa ubao, jicho lake la kuchagua mti hulipati. Tazama R21, chanjo ya malaria ambayo watoto wa Kilifi, jirani zetu wa Pwani ya Kenya, walikuwa miongoni mwa waliojaribiwa kabla Shirika la Afya Duniani halijaipitisha Oktoba 2023: ilibuniwa Oxford, protini yake huoteshwa ndani ya hamira, kichochezi chake, kilichovumbuliwa Sweden, hutokana na magome ya mti wa Chile, na yote hayo huja kukutana Pune, katika Serum Institute, iliyo katika kazi ya chanjo tangu 1966. Mshindani akipata fundo moja, mengine yatamshinda, na hapo ndipo ilipo faida ya kampuni, wala si penginepo.

Sisi wa Pwani nusu ya ilimu hiyo tunayo, maana watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, wako Kilifi tangu 1989, nao kwa kujaribu dawa ni mahiri. Kutengeneza ndiko kunakotupita. Moderna ilipoahidi, Machi 2022, kiwanda cha dola milioni 500 nchini, kisha Aprili 2024 ikasita kwa hoja kwamba wahitaji wa chanjo ya Korona Afrika wamepungua, walihuzunika wengi kuliko mimi, kwani kuta zingekuwa zetu na siri zingebaki Marekani. Laiti serikali, kupitia Kenya BioVax, taasisi yake ya chanjo, ingewatwaa wahitimu wa Chuo Kikuu cha Pwani, na vijana wa huku kwetu Timbwani, Mombasa, wanaovuka feri kila alfajiri kutafuta vibarua bandarini, ikawapeleka Pune wakae miaka, si majuma ya semina, na warudipo ikawalipa ujira wa kuwazuia wasihajiri tena.