Shule ya Sumaku na Jirani Niliyemnyamazia

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mhadhiri mgeni katika chuo kikuu kimoja nchini Marekani, nilimwandikisha binti yangu darasa la kwanza katika shule ya msingi ya umma yenye mkazo wa sanaa. Sikulipa ada. Binti aliazimwa fidla, akawa na vipindi vya kucheza ngoma, kuchora na kuigiza kila wiki, na hata nusu na robo za hesabu alizifahamu kwanza kwa kupiga makofi: pigo zima, nusu pigo, robo pigo. Habari hii nimeisimulia mara nyingi, darasani na barazani, na kila mara hutokea mtu akauliza kwa nini nasi tusianzishe shule za namna hiyo. Ipo sehemu ya habari ambayo nimekuwa nikiiruka. Leo naieleza, kwa sababu bila sehemu hiyo jibu langu ni nusu jibu.

Shule hizo huko huitwa shule za sumaku. Ni za serikali, hazitozi ada, na kila moja ina mkazo wake: sayansi, lugha au sanaa. Jina lina historia. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Brown, iliamua kwamba kuwatenga wanafunzi katika shule za umma kwa sababu ya rangi ni kinyume cha katiba. Hukumu ilitoka, lakini watoto hawakuchanganyika. Mitaa yenyewe ilikuwa imetengana, na familia nyingi za Wazungu zilihamia viungani. Ndipo likazuka wazo la kuvuta badala ya kulazimisha: weka katika mtaa wa watu weusi shule nzuri kiasi kwamba mzazi wa Kizungu ataileta familia yake mwenyewe. Shule ya msingi ya McCarver katika mji wa Tacoma, iliyoanza mpango huo mwaka 1968, hutajwa kuwa ya kwanza nchini humo.

Wazo hilo lilikuwa jema, ila liliwekewa mipaka mapema. Mwaka 1974, katika shauri lililotoka Detroit, mahakama hiyo hiyo ilikataa kuzilazimisha wilaya za viungani zishiriki katika kuwachanganya watoto pale ambapo hazikuthibitika kuwa na kosa. Mwaka 2007, katika mashauri ya Seattle na Louisville, ilizizuia wilaya kuitumia rangi ya mtoto mmoja mmoja kuamua apangiwe shule ipi. Sumaku ikabaki, lakini sababu iliyoizaa ikafifia. Mzazi wa leo anayeitafuta shule hiyo kwa kawaida hafikirii kuchanganya watoto wa taifa. Anamfikiria wa kwake, kama nilivyomfikiria wangu.

Mimi habari za shule ile nilizipata mezani, nyumbani kwa profesa mwenzangu, mnamo Oktoba. Mkewe alinieleza kila kitu: fomu hujazwa kwenye intaneti, huchaguliwa shule tatu kwa mpangilio, mwisho wa kuomba ni kabla ya Krismasi, na kwa kuwa waombaji huzidi nafasi, kompyuta huendesha bahati nasibu. Nilitakiwa kuwa na mkataba wa pango, bili ya umeme na kadi ya chanjo. Jioni moja ilitosha kukamilisha yote.

Ghorofa ya chini yangu iliishi familia ya Wakongo. Baba alikuwa ametoka Kivu, akakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kupelekwa Marekani. Tulizungumza Kiswahili ngazini, naye aliniita mwalimu. Alifanya kazi usiku katika kiwanda cha nyama. Mwanawe alikuwa na umri sawa na binti yangu, na alikuwa mchoraji. Simaanishi mtoto anayependa rangi, maana watoto wote hupenda rangi. Alichora nyuma ya bahasha za bili, kwa kalamu ya wino, mabasi na watu waliokaa ndani yake, na kila mtu alikuwa na sura yake.

Jioni moja mwezi Novemba baba yule aliniuliza, "Mwalimu, watoto wetu watasoma wapi?" Nikamjibu, "Shule zipo nyingi, na zote ni za serikali."

Jibu hilo halikuwa na neno la uongo hata moja, na lilikuwa udanganyifu mtupu. Nilikwisha kupiga hesabu. Nafasi ni chache, na kila jina linaloongezwa katika bahati nasibu hupunguza bahati ya binti yangu. Mtu huyu nilikuwa nimempeleka hospitali kwa gari langu. Nilikuwa nimemsomea barua zake za serikali. Lakini barua hii moja, ambayo hakuipata kamwe, sikumsomea.

Machi yakatoka majibu na binti yangu akapata nafasi. Shule zilipofunguliwa, basi la sumaku lilisimama upande mmoja wa barabara yetu, na mtoto wa jirani akasimama upande wa pili, akielekea shule ya mtaa ambako mwalimu wa muziki aligawanywa kati ya shule kadhaa na wa kuchora hakuwepo. Baba yake alilitazama basi, kisha akanitazama. "Mwalimu, ulijua?" Nikasema nilisikia kwa kuchelewa.

Nimelitafakari jambo hili kama kosa la tabia yangu, na ni kosa kweli. Wahenga walishasema kizuri kula na nduguyo. Lakini mtu wa taaluma yangu analazimika pia kuuliza ni mfumo gani uliolifanya kosa hilo liwe na faida. Bahati nasibu ile ilikuwa ya haki kamili miongoni mwa walioomba. Haikumtazama mtoto rangi wala mfuko wa baba yake. Dhuluma ilikuwa imekwisha kutendeka kabla haijachezwa, pale ilipoamuliwa kwamba atakayeshindania ni yule ambaye mzazi wake ana intaneti, ana jioni ya kupumzika, na ana rafiki wa kumpa habari. Tena mfumo uliwageuza majirani kuwa washindani wa kitu kilicho mali yao wote. Mali ya umma ambayo mwananchi ana faida ya kumficha mwenzake imekwisha kupoteza nusu ya uumma wake.

Narudi sasa kwetu Tanzania. Sisi nasi tulirithi shule za rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Baada ya uhuru wa 1961 mfumo huo ulifutwa, na ni moja ya kazi tunazostahili kujivunia. Lakini utengano umerudi kwa njia ya mfuko na ya habari. Elimu ya msingi ya serikali haina ada, na hapo hapo zipo shule chache za serikali za mchepuo wa Kiingereza ambazo wazazi huzichangia fedha na kuzigombea. Waulize watumishi wa umma waliosoma makala hii hadi hapa: nafasi ya mtoto wako katika shule ile uliijuaje, na ulimwambia nani?

Upande wa sanaa hali yetu ni ya ajabu zaidi. Hatuna upungufu wa sanaa. Tuna ngoma, ngonjera, kwaya, uchongaji na ufinyanzi, na chuo cha sanaa pale Bagamoyo tangu 1981. Lakini katika shule zetu nyingi sanaa hutoka kabatini siku ya mgeni rasmi. Watoto huchezeshwa ngoma juani, mgeni hupiga makofi, kisha ngoma hurudishwa na mtihani huendelea. Mtoto hujifunza kwamba kipaji chake ni mapambo ya sherehe ya mtu mwingine.

Kwa hiyo ninapoulizwa kama tuige sumaku, nasema tuanze na kilichomo ndani yake na tuache mlango wake. Kipindi cha sanaa kiwe na mwalimu wake na saa yake katika shule ya kata isiyo na mgeni rasmi wala mfadhili. Udongo, mkaa, ngoma na sauti havihitaji kuagizwa ng'ambo. Na kama tutalazimika kuwa na shule chache maalumu, basi tusisubiri mzazi aombe. Kila mtoto aliyefikia umri katika eneo husika aingizwe katika bahati nasibu moja kwa moja kutoka kwenye rejista, na asiyetaka nafasi ndiye aandike barua ya kuikataa. Mabadiliko hayo hayahitaji darasa jipya hata moja. Yanahitaji tu kumwondolea mwenye habari faida ya kunyamaza.

Mwaka uliofuata nilimkiri jirani yangu ukweli. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba kambini, chakula kilipokuja, nao walikuwa hawaambiani. Nilikaa naye tukajaza fomu ya darasa la pili, lakini katika darasa hilo nafasi hufunguka pale tu mtoto mwingine anapohama, na mwanawe akaandikwa katika orodha ya kusubiri. Mkataba wangu uliisha, nikarejea nyumbani. Nilipoondoka, alikuwa bado anasubiri.