Bei Moja kwa Nani?

Nimechoka kusoma kwamba bei isiyopatanwa ni ustaarabu. Katika vitabu vya historia ya biashara tunavyopewa darasani, hadithi ni ile ile: zamani watu walivutana sokoni kutwa nzima, kisha akaja bwana mwenye akili, akabandika bei kwenye kila jora la kitambaa, na haki ikaingia mjini. Chicago ndiyo mfano unaopendwa.

Haya, twende Chicago. Mwaka 1852 Potter Palmer alifungua duka la vitambaa Lake Street, katika mji uliosifika kwa matope. Aliwaruhusu wateja kurudisha bidhaa wasiyoridhika nayo. Mwaka 1865 akawaachia biashara Marshall Field na Levi Leiter, ambao miaka mitatu baadaye walihamia State Street. Moto wa Oktoba 1871 uliteketeza jengo lao, na baada ya wiki chache walikuwa wakiuza tena ndani ya banda la farasi wa tramu. Mwaka 1881 Field alimnunua mwenzake, na duka likaendelea kupanuka hadi kumeza mtaa. Mwaka 1890 likafungua chumba cha chai, ambamo mwanamke aliweza kula katikati ya mji bila kusindikizwa na mwanamume. Hilo halikuwa jambo dogo, nakiri.

Lakini turudi kwenye bei. Kupatana kunahitaji muuzaji anayejua mzigo ulinunuliwa kwa kiasi gani, anayemsoma mteja usoni, na mwenye mamlaka ya kusema "haya, lete". Muuzaji wa namna hiyo ni ghali. Ukishabandika bei, unaweza kumsimamisha kaunta msichana aliyetoka shamba juzi, ukamlipa kidogo, na kesho ukamweka mwingine mahali pake. Kibandiko kilimwondolea mteja usumbufu, sawa. Kilimwondolea muuzaji ujuzi pia, na ukurasa huo ndio vitabu vinauruka.

Na bwana aliyefuta mapatano juu ya vitambaa hakuyataka juu ya mishahara pia. Field alikuwa adui wa wazi wa vyama vya wafanyakazi. Baada ya ghasia za Haymarket za Mei 1886, zilizozuka wakati wafanyakazi wakidai siku ya kazi ya saa nane, wapo matajiri wa Chicago waliotaka waliohukumiwa kunyongwa waombewe huruma. Field alipinga. Wanne walinyongwa Novemba 1887.

Miaka saba baada ya kifo chake, mwaka 1913, kamati ya Seneti ya Illinois iliwaita wakuu wa maduka makubwa ya Chicago, la Field likiwemo, kuwauliza kama ujira wa wasichana wao ulitosha kuishi bila kuuza miili. Swali la namna hiyo haliulizwi pasipo na moshi. Na wasichana hao walikuwa Wazungu. Mwanamke Mweusi alisubiri miongo mingi zaidi kabla ya kuruhusiwa kusimama kaunta hiyo.

(Kwa msomaji wa Kenya: simba wala watu wa Tsavo, waliouawa mwaka 1898, wako Chicago hadi leo, katika jumba la makumbusho lenye jina la huyu huyu Field. Ngozi zao ziliuzwa huko mwaka 1924 kwa dola 5,000. Sijui kama kulikuwa na kibandiko.)

Sasa mtu akiniambia kwamba Kariakoo ni fujo kwa sababu bei haijaandikwa, namuuliza fujo ya nani. Dada wa vitenge akitaja elfu thelathini, nami nikataja ishirini, ananieleza kodi ya kizimba, nauli ya mzigo, na kwamba leo hajauza. Tunaishia ishirini na tano, au ananifukuza. Uamuzi ni wake. Msichana wa State Street hakuwa na uwezo wa kupunguza hata senti moja, wala wa kuongeza senti moja kwenye mshahara wake, na huyo ndiye tunaambiwa alikuwa ameendelea.