Nchi Inayojua Kufukua

Mimi ni mgeni hapa, kwa hiyo nianze kwa kuomba radhi. Mkenya, mzaliwa wa Eldoret, mwaka wa saba huu naishi Kahama, na Kiswahili changu bado kinawachekesha wauza mchele sokoni. Novemba 3, Rais alipoapishwa Dodoma, alisema baadhi ya vijana waliokamatwa kwenye vurugu walitoka nje ya nchi. Nikajitazama kwenye kioo. Nikaona mtu wa nje, kweli, mwenye kitambi na madaftari ya wanafunzi hayajasahihishwa. Nikalala mapema.

Lakini ugomvi wangu leo si huo. Nagombana na neno moja: "yaliyotokea".

Mmelisikia tangu intaneti irudi. "Kufuatia yaliyotokea Oktoba 29." "Tusiyaendekeze yaliyotokea." Kitenzi cha Kiswahili hakipendi kutembea peke yake, kinataka tujue nani katenda. Basi wajanja wakaichukua ngeli ya YA- wakaibebesha kazi yote. Yalitokea. Yamepita. Yasirudie. Hayo "ya" hayana jina, hayana cheo, hayavai sare. Ndiye mtuhumiwa pekee nchini asiyeweza kufikishwa mahakamani. Na waliokufa, eti "walipoteza maisha", kama mtu aliyedondosha simu kwenye bodaboda.

Mama anayenipikia chakula cha mchana aliniambia, "Mwalimu, yaliyopita si ndwele." Simlaumu. Alifunga kibanda siku kadhaa, ana watoto, na moto lazima uwashwe kesho. Nawalaumu wenye kalamu, sisi tunaojua maneno yana kazi gani, tulioichukua methali ile tukaikata mkia. Mkia wake unasema tugange yajayo. Kuganga ni kutibu. Mganga gani anatibu bila kuuliza mgonjwa anaumwa wapi?

Najua mtasema: Mkenya atatufundisha nini? Kweli kabisa, sisi ndio mafundi wa kusahau. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 walikufa watu zaidi ya 1,100, wengine karibu na kwetu Eldoret. Tukaunda Tume ya Waki. Majina ya watuhumiwa yakatiwa kwenye bahasha, bahasha ikakabidhiwa Kofi Annan. Tukaunda na tume ya ukweli, haki na maridhiano. Ripoti yake ikakabidhiwa Ikulu Mei 2013 na Bunge halijaipitisha hadi leo. Mwaka huohuo tukapata wimbo wa taifa mpya: kubali, songa mbele. Tukasonga. Juni 2024 vijana wakapigwa risasi nje ya Bunge, Nairobi. Tulikuwa tumesonga mbele mpaka tukafika palepale.

Ndiyo maana nauliza kwa nini nchi hii inataka kuiga ujinga wetu, ilhali huku kwenye ukanda wa dhahabu watu wanajua njia bora kuliko yetu.

Agosti 11, 2025, mgodi wa kikundi cha Chapakazi, Nyandolwa, hapa Shinyanga, ulititia. Idadi ikatajwa: watu 25 wako chini. Hakuna aliyesema tusiongelee, tutazua taharuki. Kazi ya kuwatafuta ilienda wiki kwa wiki, hata pale ambapo kila mtu alijua wanachotafuta ni miili. Na mwaka 2015, Nyangalata, hapahapa Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Siku 41! Mchimbaji mdogo, mtu ambaye vitabu vyetu humtaja kama mlevi na mshirikina, ana kanuni ambayo msomi hana: duara likiporomoka, kwanza mnahesabiana. Kisha mnachimba.

Hapa ndipo herufi moja inapoleta ugomvi: kufukua na kufukia.

Maana ukanda huuhuu unajua na kufukia. Agosti 1996, Bulyanhulu, wachimbaji wadogo waliondolewa ili kampuni ya kigeni ipate eneo, na maduara yao yakafukiwa. Wanaharakati walidai watu zaidi ya 50 walifukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni walikana, na mwaka 2002 ofisi ya malalamiko ya Benki ya Dunia nayo ilisema haikuona msingi wa madai hayo. Labda ni kweli. Lakini tume huru ya kusikiliza ushahidi hadharani, ile waliyoililia, haikuja. Wakili mmojawapo aliyeidai, Tundu Lissu, akaishia kushtakiwa kwa uchochezi. Mwaka 2025 akawekwa rumande kwa kesi ya uhaini. Miaka mingi imepita, na ukikaa kijiweni Kakola jioni bado hadithi inasimuliwa, kila msimulizi na idadi yake. Ndivyo shimo lililofukiwa bila kuhesabu linavyofanya: linazaa.

Wasomaji wa fasihi mnaipenda Kusadikika ya Shaaban Robert, nchi iliyowafunga wajumbe wake waliporudi na habari. Mnaichambua vizuri. Ila mnaichambua kana kwamba iko angani kweli.

Novemba 2025 Rais aliunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Othman Chande. Naitakia heri, kwa moyo wa mtu aliyezika tume mbili. Sherehe za Uhuru za Desemba 9, 2025 zilifutwa, fedha zikaambiwa ziende kukarabati miundombinu iliyoharibiwa. Sawa. Kituo cha mwendokasi kimehesabiwa na kimepata bajeti. Waliokufa, hadi mwisho wa 2025 serikali haikuwa imetaja idadi yao. Wako ndugu wanaotafuta mwili tu, wapate kuzika.

Ombi langu kwa tume na kwa sisi waandishi ni dogo, la kisarufi. Acheni ngeli ya YA-. Rudini kwenye A- na WA-. Alitoa amri. Alipiga. Walichoma. Aliuawa, jina lake fulani, mwana wa fulani. Hiyo ndiyo ngeli ya watu, na hao walikuwa watu.