Mnatuambia Tutoke Nje. Nje Gani?

Kila wiki lazima nikutane na video ya msee amesimama chini ya mti, raba mpya miguuni, akituambia vijana tumezidi kukaa kwa simu, tutoke nje tupate hewa. Kwa maoni watu wote ni "ukweli mtupu". Sawa. Sasa nataka kuuliza swali: nje gani?

Sibishani na hewa. Nilipoacha chuo nilianza kuhariri video usiku, nalala saa kumi na moja alfajiri, naamka saa nane mchana. Keja yangu iko Pipeline, na dirisha linaangalia ukuta wa ploti ya jirani, karibu hivi kwamba naweza kumpitishia chumvi. Mchana kweupe nimewasha taa. Baada ya miezi mitatu usingizi ulikataa kabisa, kichwa kinagonga, nakasirikia kila mtu. Daktari hakuandika hata dawa. Aliniuliza tu, "Jua unaliona saa ngapi?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikaanza kutembea nusu saa kila asubuhi. Wiki mbili hivi, usingizi ukarudi. Mwanga wa asubuhi ndio unaoambia ubongo siku imeanza, na hapo mwili unajua utalala saa ngapi. Balbu haifiki hapo. Hata siku ya mawingu, nje kuna mwanga mara nyingi zaidi kuliko ndani ya nyumba. Na kuna utafiti wa Uingereza wa 2019, watu karibu 20,000: waliokaa angalau dakika 120 kwa wiki kwenye bustani, misitu na fuo walisema wana afya nzuri zaidi. Haithibitishi kwamba miti ndiyo iliwaponya, lakini mimi nimeona kwangu.

Haya, dakika 120. Nizipate wapi Pipeline? Asubuhi natembea nikikwepa bodaboda upande huu na maji taka upande ule. Karura ni matatu mbili kwenda, mbili kurudi, na langoni unalipa. Jioni ukikaa kwa jiwe nje ya ploti na mabeshte, karao anakuja kuuliza mnangoja nini hapo. Yaani ndani tunaitwa wavivu, nje tunaitwa washukiwa.

Mdogo wangu yuko gredi ya saba. Walikuwa na kiwanja, vumbi tupu, magoli ya mawe. Siku moja mabati yakazunguka, mwaka uliofuata ikawa ghorofa. Sasa wanapiga mpira juu ya paa, katikati ya nguo zilizoanikwa, mpaka keteka awafukuze. Muhula uliopita mwalimu alisema haoni ubao. Amevaa miwani. Siwezi kuapa ni kiwanja, macho yana sababu nyingi. Lakini wataalamu wa macho wanasema mtoto anayekaa sana nje mchana ana nafasi ndogo ya kuharibikiwa na macho ya kuona mbali. Wangu anakaa nje saa ngapi, na nje yenyewe imejengwa?

Ndiyo maana hizo video zinaniudhi. Mwaka wa 1989 walitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai hakutuambia tutoke nje halafu akaenda zake. Alipigana nao, akatukanwa, na jumba halikujengwa. 1999 akapigwa mpaka damu akitetea Karura. Huo mti unaosimama chini yake ukirekodi, kuna mtu aliumia ndio ubaki hapo.

Kwa hivyo, buda, ukirudi kurekodi, muulize MCA wako viwanja vya watoto vilienda wapi. Mtaje. Hiyo nitasambaza bure.

Mimi kesho saa kumi na mbili na nusu niko barabarani kando ya mtaro, kama kawaida. Mwenye anajua kiwanja chochote cha umma kimebaki wazi huku Embakasi, aandike hapo chini kabla mabati hayajafika.