Fimbo ya Mzee

Lugha ya Kiswahili yatofautisha mambo mawili ambayo macho huyaona kuwa ni jambo moja. Bakora ni ya mtu mwenye heshima zake, avaaye kanzu na kofia. Mkongojo ni wa mgonjwa, au wa aliyechoka. Zote mbili hugusa ardhi, lakini mzee huipokea ya kwanza kwa furaha, na ya pili huikataa kwa uchungu.

Mzee mmoja wa Nyeri alipoanza kusumbuliwa na goti, mwanawe, karani wa mjini, alimnunulia mkongojo wa chuma chepesi. Alimkabidhi mbele ya wajukuu, akasema, "Baba, shika huu usije ukaanguka." Mzee alishukuru, akautundika nyuma ya mlango. Tangu siku hiyo hakuonekana tena barazani. Alipoulizwa alijibu, "Mwanangu, nikienda na kitu kile watasema nimekwisha."

Hayo si majivuno matupu. Zamani mzee wa kiama katika Wakikuyu alitambulikana kwa fimbo yake, iitwayo muthigi. Na kwa Wamasai, msemaji wa rika hukabidhiwa rungu jeusi. Hata baada ya uhuru, Mwalimu Nyerere alijulikana kwa kifimbo chake, na Rais Moi, aliyetawala Kenya tangu 1978 hadi 2002, kwa rungu lake. Hizo hazikuwa za kuegemea. Zilionyesha kwamba mwenye kuzishika ana neno la kusikilizwa.

Mwana alipofahamu kosa lake, alitafuta kipande cha mutamaiyu, yaani mzeituni wa mwitu, mti mgumu, akampa fundi achonge fimbo yenye kishikio kizuri. Urefu wake ulipimwa mzee akiwa amesimama wima na viatu vyake, mkono ukining'inia: kishikio kikafika kwenye kifundo cha mkono. Chini ilitiwa mpira ili isiteleze. Kisha mwana aliipeleka faraghani, akaitoa kwa mikono miwili. Mzee alionyeshwa pia jambo ambalo wengi hukosea: fimbo hushikwa kwa mkono wa upande wa mguu mzima, nayo huenda mbele pamoja na mguu mbovu.

Wala akina mama wazee wasisahauliwe. Kwa kuwa hakuna awafikiriaye kuwapa bakora, wengi wao huokota kijiti cha kuni, kifupi au kilichopasuka, nacho huwaangusha njiani. Mzee akivunjika nyonga, huenda asiinuke tena kitandani.

Yule mzee alirudi barazani juma lilelile, na wenzake waliisifu fimbo yake bila kuuliza habari za goti. Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Basi ni wajibu wa vijana kuhakikisha kwamba wazee wao wanafika penye neno hilo, tena wakiwa na heshima yao.