Baba aachana na Land Rover, watoto waacha kutapika

Kwa miaka minne, uani kwa familia moja ya Mkula, wilayani Kilombero, kulikuwa na Land Rover 109 ambayo ilikaa juu ya mawe siku nyingi kuliko ilivyokaa juu ya tairi. Ilinunuliwa mnadani baada ya kustaafu kwenye mradi mmoja uliomaliza muda wake, na jina likabaki hilohilo: gari la mradi. Majirani nao waliliita hivyo, ila wao walikuwa na maana yao. Lilikuwa mradi kweli, mradi wa mafundi.

Mwenye gari si mtu wa kubeza. Ni mkulima wa miwa na mpunga, anajua hesabu zake, na Land Rover aliipenda kwa sababu zinazoeleweka. Bodi yake ni ya alumini, haili kutu kama mabati. Injini yake fundi wa kijijini anaifungua chini ya mwembe kwa spana chache. Na bonde la Kilombero lina historia na magari ya aina hiyo. Watafiti wa Uswisi walipoanzisha maabara yao Ifakara mwaka 1957, ile ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, mtu wa kwenda vijijini wakati wa masika alikuwa na gari gumu au alikuwa na miguu yake. Mtoto aliyekulia huku akiona magari hayo yakipita kwenye tope hawezi kulaumiwa akitaka la kwake.

Tatizo ni kwamba chesisi si ya alumini. Chini ya bodi ile nzuri kuna chuma, na chuma cha gari lenye umri wa babu kimeshakula tope la kutosha. Rejeta ilivuja, gari likawa linachemsha kabla ya kufika Kiberege. Breki zilitaka kupampu mara tatu. Stata iligoma asubuhi zenye baridi, na watoto wa jirani wakawa na kazi ya kudumu ya kusukuma kwa malipo ya pipi. Kila fundi aliyeitwa alianza kwa kumlaumu fundi aliyemtangulia, kisha akaomba hela ya spea.

Yote hayo yangeweza kuendelea miaka mingine minne. Kilichobadilisha mambo ni matapishi.

Watoto wa nyumba hiyo ni watatu, wa miaka tisa, sita na mitatu. Safari ikiwepo, mama hukaa mbele na baba, watoto nyuma kwenye bodi, juu ya magunia, chini ya turubai. Kila safari ya Ifakara wawili wadogo walifika wamelegea, wameshika vichwa, mmoja au wote wakiwa wametapika. Ikasemwa ni kona. Ikasemwa ni vumbi. Wakapewa ndimu za kunusa. Mara mbili walipelekwa kupimwa malaria, maana bondeni mtoto akilalamika kichwa na kichefuchefu kitu cha kwanza ni hicho, na ni sawa kabisa kupima. Majibu yakaja hakuna vimelea.

Muuguzi aliyewapokea mara ya pili aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Wakipanda basi, wanatapika? Mama akafikiri. Hapana, kwenye basi wanaimba.

Ekzosi ya gari lile ilikuwa imetoboka chini ya bodi, karibu kabisa na walipokuwa wakikaa watoto. Turubai likifungwa pembeni na kuachwa wazi nyuma, wazazi wengi hudhani hewa inapita. Kinyume chake, gari likiwa kwenye mwendo hewa ya nyuma huvutwa kuingia ndani, na moshi nao. Ndani ya moshi wa petroli kuna gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Harufu ya moshi anayoisikia mtu ni ya vitu vingine, na mtu huizoea. Gesi yenyewe ikiingia kwenye mapafu hujishikiza kwenye damu, kwenye nafasi ambayo ilipaswa kubeba oksijeni, na haiachii upesi. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Ikizidi, mtu hulala na asiamke. Mtoto huathirika mapema kuliko mtu mzima kwa kuwa anapumua haraka zaidi ukilinganisha na mwili wake. Mimba nayo haiko salama, kwa sababu mtoto aliye tumboni hutegemea damu ya mama kupata oksijeni. Na mama huyu alikuwa na mimba ya miezi mitano, amekaa kwenye kabini yenye matundu sakafuni.

Basi anayesafirisha watoto kwenye gari chakavu na kuwaona wanafika na vichwa vinavyouma, kisha wanapata nafuu baada ya kukaa nje kidogo, akague ekzosi kabla ya kulaumu kona. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9, sasa ina lami, na sehemu kubwa imenyooka bondeni. Kona gani?

Ekzosi ilichomelewa na safari iliyofuata watoto hawakutapika. Baba akaona mambo yamekwisha. Mama hakuona hivyo. Jioni moja baada ya chakula aliweka mezani daftari la duka lake, kwenye kurasa za nyuma ambako alikuwa akiandika kila shilingi iliyotoka dukani kwenda kwenye gari. Hakuwa amejumlisha. Alimwachia mwenzake kalamu ajumlishe mwenyewe. Kisha akauliza jambo moja tu: uchungu ukianza saa nane usiku, hili litawaka?

Kwa haki, swali hilo lina jibu jingine ambalo kila familia yenye mjamzito inapaswa kulijua. Upo mfumo wa m-mama, ambao kwa namba 115, bila malipo, huunganisha mjamzito, mzazi aliyetoka kujifungua au mtoto mchanga aliyepata dharura na gari la wagonjwa, au dereva wa jamii iwapo gari la wagonjwa halipo karibu. Namba hiyo iandikwe ukutani hata kwenye nyumba yenye magari matatu. Lakini familia nyingi za bondeni huhamia mashambani msimu wa mpunga, zikakaa kwenye vibanda mbali na barabara na mbali na zahanati. Kutoka huko hadi mahali ambapo dereva anaweza kufika, kila mtu anajitegemea.

Ndiyo maana gari la kawaida la chini halikuingia kwenye mazungumzo. Lami imefika, ila mpunga haulimwi kwenye lami. Ukishaacha barabara kuu kuelekea mashambani, udongo mweusi wakati wa masika unakamata gari kama ulimbo.

Shemeji mtu akashauri Land Cruiser mkonga. Kwa ugumu hakuna ubishi, na ndiyo maana zahanati na mashirika mengi wanalo. Kwa familia yenye watoto lina kasoro ambayo wanaume hawapendi kuisikia: nyuma lina mabenchi yanayotazamana. Mtoto anakaa ubavu kwa ubavu na mwendo wa gari, mara nyingi bila mkanda, na breki ya ghafla inamrusha kwa mwenzake au kwenye mlango. Ni gari zuri la kazi.

Suzuki Escudo ilipendwa zaidi, hasa zile zenye gia ya pili ya four wheel kwa ajili ya tope zito. Ni nyepesi, mafuta yake ni ya wastani. Ikakwama kwenye hesabu ndogo: viti vitano, na familia ilikuwa inaelekea kuwa ya watu sita. RAV4 ikaanguka kwa sababu hiyohiyo. Noah ina viti vinane na wengi wanaimudu, lakini tumbo lake liko chini, na njia ya shambani ina mgongo katikati ambao ungelisugua mpaka Ijumaa Kuu. Baba akajaribu kupenyeza Land Rover Discovery, kwamba ina viti saba. Mama alicheka mpaka akashika tumbo, na hoja hiyo haikurudi tena.

Wakaishia kwenye Toyota Prado ya zamani, kizazi kile cha kuanzia 1996, yenye safu tatu za viti. Hawakuagiza Japani, kwa sababu gari lenye umri huo hubeba ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine, na kikokotoo cha TRA mtandaoni kiliwaonyesha hilo mapema kabla hawajatoa hela. Walinunua la mtu wa Morogoro mjini. Land Rover ikauzwa kwa mpenzi mwingine wa Land Rover, miwa ya msimu mmoja ikajazia.

Sehemu ambayo familia nyingi hukosea ni kwenye ukaguzi. Wanaume watano wanasimama mbele ya boneti iliyofunguliwa wakisikiliza injini, hakuna hata mmoja anayevuta mkanda wa kiti cha nyuma. Mama huyu alivuta yote. Miwili ilikuwa imesukumwa chini ya viti na wenye gari wa awali, mmoja haukunasa kwenye kishikizo chake. Bei ikashuka, mkanda ukabadilishwa. Alitazama pia tarakimu nne pembeni mwa tairi, ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2312 ni wiki ya 23 ya mwaka 2012. Tairi mbili zilikuwa na meno mazuri na umri wa mtoto wa darasa la saba.

Kwa nini mkanda upewe uzito huo? Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, mbele ya maradhi tunayoyaogopa zaidi. Mkanda unaweza kupunguza hatari ya kufa kwa hadi nusu. Kiti maalumu cha mtoto hupunguza vifo vya wachanga kwa asilimia 71. Hayo hayasemwi sana huku, na Sheria ya Usalama Barabarani tuliyoizoea ni ya mwaka 1973, ambayo watetezi wa usalama barabarani wamekuwa wakiilalamikia kwa miaka mingi kuwa imewasahau watoto. Kusubiri trafiki amwambie mzazi amfunge mwanawe mkanda ni kusubiri mtu ambaye hajatumwa.

Kwa hiyo mchanga akae kwenye kiti chake kinachotazama nyuma, kwenye safu ya kati, na kamwe kisiwekwe mbele kwenye gari lenye mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali. Mtoto mkubwa zaidi anahitaji kiti au kinyanyuo mpaka afikishe sentimita 135 au miaka kumi, ili mkanda umpite begani na nyongani badala ya shingoni na tumboni. Kumpakata si ulinzi. Gari likigonga kitu, hakuna mikono ya mama iwezayo kumzuia mtoto asirushwe. Mjamzito naye afunge: mkanda wa chini upite chini ya tumbo juu ya nyonga, wa juu upite katikati ya matiti. Wengi huuacha wakihofia kumbana mtoto, nao ndio unaomlinda.

Safu ya tatu ya Prado hizo si mahali pa mtoto mdogo, hasa kama mkanda wake ni wa kiunoni tu. Kwenye familia hii imekuwa ya kifungua mimba, ambaye ameshatangaza kuwa ni chumba chake.

Baba hajafurahi moja kwa moja. Gari jipya linawaka kila asubuhi na hana cha kufanya Jumamosi. Ameanza kuuliza bei ya trekta dogo la mitumba.

Uani pamebaki mabaki. Betri mbili zilizokufa zilikuwa pembeni ya jiko, zikikaliwa kama vigoda. Zimeondolewa na kupelekwa kwa mnunuzi wa vyuma, kwani risasi iliyomo ndani yake hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na haina haja ya kulambwa, vumbi lake linatosha. Mawe aliyachukua jirani. Tairi nne za zamani bado ziko nyuma ya choo, na hizo ndizo mama anazozigombania sasa. Maji ya mvua yakituama ndani yake hayazai sana mbu wa malaria wanaoijua chandarua, yanazaa mbu wa dengue, anayeuma mchana wakati watoto wanacheza. Amesema zitobolewe au ziondoke kabla masika hayajaanza.