Euro haikuzaliwa na kompyuta

Kila mjadala wa sarafu moja ya Afrika Mashariki unapofufuka, hufufuka na hoja ile ile: Ulaya ilifaulu kuleta euro kwa sababu ilikuwa na teknolojia, sisi leo tuna teknolojia bora zaidi mifukoni mwetu, kwa hiyo kinachotuchelewesha ni woga. Nimeifuatilia hoja hii katika sura zake zote na sioni pa kuiegemeza. Msomaji awe hakimu. Nitayaweka madai mezani moja moja, kama watetezi wa hoja wanavyoyaeleza, kisha nitaweka ushahidi.

Dai la kwanza ni kwamba euro ilikuja kwa siku nne. Benki zilifunga hesabu tarehe 31 Desemba 1998 zikiwa na faranga, maki na lira. Zilipofungua Jumatatu, 4 Januari 1999, vitabu vyao vilisoma euro. Tarehe hizo ni sahihi, na mafundi waliokesha siku hizo wanastahili heshima. Lakini Mkataba wa Maastricht ulisainiwa Februari 1992. Jina la euro na ratiba yake vilipitishwa Madrid Desemba 1995. Nchi 11 za mwanzo ziliteuliwa Mei 1998, na noti hazikufika mikononi mwa watu hadi 1 Januari 2002. Hiyo ni karibu miaka kumi. Anayehesabu siku za mavuno peke yake hajui kilimo.

Dai la pili: kubadili fedha ni hesabu ya kugawanya tu, na kompyuta haikosei kugawanya. Kweli haikosei, hufanya kile ilichoagizwa, na hapo ndipo penye tatizo. Euro moja iliwekwa kuwa lira 1936.27. Chukua lira bilioni moja, uigawanye kwa kiwango hicho: unapata euro 516,456.90. Sasa mwachie mwandishi wa programu apitie njia ya mkato, azidishe kwa 0.000516: anapata euro 516,000 kamili. Euro 456.90 zimepotea, na hakuna mashine iliyoharibika. Ndiyo maana Kanuni ya Ulaya namba 1103 ya mwaka 1997 iliamuru viwango viwe na tarakimu sita zenye maana, vitumike bila kupunguzwa, na ikakataza kuzidisha kwa kinyume chake. Hata maki ikibadilishwa kuwa lira, ilibidi ipite kwanza kwenye euro, na jibu la katikati libaki na walau nafasi tatu za desimali. Tena programu nyingi za Italia na Hispania hazikuwa na desimali kabisa, kwa sababu lira na peseta hazikuzihitaji. Ilibidi zifumuliwe na kuandikwa upya. Sheria ndiyo iliyotangulia, kompyuta ilifuata.

Dai la tatu: noti na sarafu zilikuwa mabaki ya zamani, kwa kuwa euro ya kweli ilikuwa tayari ndani ya mitambo. Kama ni hivyo, kazi ilikwisha mwaka 1999. Mbona basi zikachapwa noti karibu bilioni 15 na kufuliwa sarafu karibu bilioni 52? Kwa sababu kwa miaka mitatu mwananchi wa kawaida aliendelea kununua mkate kwa faranga na kufikiri kwa faranga. Mashine za kutolea fedha, mashine za tiketi na droo za madukani zilibadilishwa katika nchi 12, na kwa wiki kadhaa mwuza duka katika nyingi kati ya nchi hizo alipokea fedha ya zamani akarudisha chenji ya euro. Hata baada ya hapo, Wajerumani waliona bei zimepanda, wakaipachika sarafu jina la Teuro, kutokana na neno lao lenye maana ya ghali. Shirika la takwimu la Ulaya, Eurostat, lilikadiria kwamba mabadiliko yenyewe yaliongeza mfumuko wa bei kwa asilimia 0.1 hadi 0.3 tu. Jina likabaki. Imani ya watu haiwekwi kama programu.

Dai la nne: sarafu ikishakuwa moja, malipo huungana yenyewe. Hayakuungana. Euro ilikuwepo, lakini kuituma kutoka nchi moja hadi nyingine kuligharimu zaidi kuliko kuituma ndani ya nchi, mpaka kanuni ya mwaka 2001 ilipozilazimisha benki kutoza ada sawa. Utaratibu wa pamoja wa malipo, SEPA, ulianza mwaka 2008, na nchi za euro zilikamilisha kuhamia humo Agosti 2014: miaka 15 baada ya sarafu. Kama teknolojia ndiyo mama wa euro, ilikuwaje mtoto akazaliwa miaka 15 kabla ya mama?

Dai la tano ndilo linalobomoa mengine. Ukiwauliza kuhusu Ugiriki, wanajibu kwamba ile ilikuwa siasa, teknolojia haihusiki. Nakubali. Mwaka 2004 ilibainika kwamba takwimu za nakisi ambazo Ugiriki ilijiungia nazo hazikuwa sahihi. Nakisi ya mwaka 2009 ilipohesabiwa vizuri ilizidi asilimia 15 ya pato la taifa. Kompyuta zilizipokea namba hizo, zikazihifadhi na kuzisafirisha bila kosa. Lakini mshika mbili moja humponyoka. Ama teknolojia ndiyo iliyoibeba euro, basi ibebe na aibu yake. Ama siasa na sheria ndizo zilizoamua, basi ziamue pande zote mbili.

Dai la mwisho ni letu: simu zetu zitafanya kilichoishinda itifaki. Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki ilisainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013, ikilenga sarafu moja ifikapo 2024. Mwaka huo umepita na sarafu haipo. Lakini fedha za simu zilikuwepo, na mfumo wa EAPS unaounganisha malipo ya benki kuu zetu una zaidi ya miaka kumi. Chombo kipo, safari haijaanza. Haiwezekani basi kwamba tulichokosa ni chombo.

Tulichokosa ni takwimu za bajeti ambazo jirani anaweza kuzikagua na kuziamini, sheria inayombana mkubwa kama inavyombana mdogo, na jibu la swali moja: mwenzetu akianguka, nani atalipa? Ulaya iliahirisha swali hilo. Mwishoni mwa Juni 2015, Ugiriki ilipoanguka, wastaafu na wafanyakazi wa Athens walipanga foleni kwenye mashine za kutolea fedha, na kila mwenye kadi aliruhusiwa euro 60 kwa siku. Mashine zilisoma kadi sawasawa, zikahesabu noti sawasawa, zikatoa 60 kama zilivyoamriwa. Anayetaka kutujengea sarafu kwa simu kwanza aieleze foleni ile.